Bwawa la Siku Moja kwa Juma

JUMANNE

Soma Yakobo 2:1–9. Mtu mwenye pete ya dhahabu alipewa nafasi gani, na maskini aliambiwa akae wapi? Kwa nini Yakobo analiita jambo hilo dhambi?

______________________________

Wakulima wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, wanayajua maji ya zamu. Ndiva hujaa usiku, na kunapokucha hufunguliwa ili maji yaende mashambani kwa mfereji. Zamu iliwekwa ili kila nyumba ipate maji. Lakini zamu inaweza pia kuwekwa ili wengine wakose.

Ndivyo ilivyokuwa Pasadena, Marekani, katika ujana wa Sammy Lee, aliyezaliwa mwaka 1920 na wazazi waliotoka Korea. Mchezo wake ulikuwa kujirusha kutoka kwenye jukwaa refu, akijipindua angani kabla ya kuingia majini. Watu wasio weupe waliruhusiwa kutumia bwawa la umma siku moja tu kwa juma. Kisha maji yalimwagwa na bwawa likajazwa upya. Mwalimu wake, Jim Ryan, hakuwa na mamlaka ya kuibadili sheria hiyo. Alichimba shimo nyuma ya nyumba yake, akalijaza mchanga, na Lee akajizoeza kuruka humo siku alizofungiwa bwawa.

Lee alihitimu udaktari mwaka 1947. Mwaka 1948 huko London alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki katika jukwaa la mita 10, akashinda tena Helsinki mwaka 1952, siku ileile alipotimiza miaka 32. Hata hivyo, mwaka 1955, baada ya kulitumikia jeshi la nchi yake akiwa daktari, alikataliwa kuuziwa nyumba huko Garden Grove, California, kwa sababu ya asili yake.

Katika mfano wa Yakobo, dhahabu ilimpatia mtu kiti. Lee alikuwa na dhahabu mbili, na bado mlango ulifungwa. Upendeleo haungoji kuona mtu amefanya nini. Humhukumu kabla hajaingia. Kwa hiyo hauponi kwa aliyedharauliwa kujitahidi zaidi. Anayepaswa kugeuka ni yule anayegawa viti, kama Petro alivyogeuzwa nyumbani kwa Kornelio (Matendo 10:34, 35).

Tafakari: Ryan hakuishia kumhurumia kijana, alichimba. Je, yuko mtu katika kundi lenu ambaye daima huwa wa mwisho kupewa nafasi, kwa sababu ya ukoo, umaskini, au kwa kuwa alihamia kutoka kwingine? Ni kazi gani ya mikono mnayoweza kumfanyia juma hili, pasipo kungoja wengine wabadilike kwanza?

______________________________