Filamu za Oscar Zilizopigwa Kwetu: Mwongozo kwa Waandaaji wa Sinema Kitale na Bungoma

Vijana wa kikundi, walimu au wazee wa kanisa wakitaka kuonyesha filamu za zamani za Marekani mjini Kitale, mjini Bungoma au katika soko lolote lililo katikati, kuanzia Kiminini hadi Misikhu, jambo la kwanza kuamua ni filamu zenyewe. Projekta itapatikana. Hollywood imetengeneza maelfu ya filamu, na kila mtu ana orodha yake ya zilizo bora. Pendekezo langu ni kuanza na zile zilizopigwa picha katika ardhi ya Afrika Mashariki na zikafika kwenye tuzo za Oscar. Watazamaji watayatambua mazingira na sura za watu, na mjadala hautakosa mtu wa kuuanzisha. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Filamu hizi zinaonyesha wazi nani alituzwa kwa kazi iliyofanyika kwetu, na nani aliyeifanya kazi hiyo bila kutuzwa.

Kwanza, tuzo yenyewe. Oscar hutolewa na Academy of Motion Picture Arts and Sciences, chama cha watu wa filamu kilichoundwa mwaka 1927 huko Los Angeles. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929, na filamu iliyopewa heshima ya juu ilikuwa Wings, inayohusu marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaopiga kura ni watu wa kazi hiyohiyo: waigizaji huwateua waigizaji, wahariri huwateua wahariri, kisha wanachama wote hupiga kura ya mwisho. Kwa hiyo, ukiona kasha la filamu limeandikwa Oscar, uliza maswali matatu. Je, filamu ilishinda au iliteuliwa tu? Ilishinda katika kitengo gani, maana kuna tuzo ya sauti, ya mavazi, ya uhariri na nyinginezo? Na mwaka uliotajwa ni wa filamu kutoka au wa sherehe? Out of Africa ilitoka Desemba 1985, tuzo zake zikatolewa Machi 1986, na wengi huchanganya hapo. Golden Globe nayo ni tuzo nyingine kabisa, yenye wapiga kura wake. Academy ina kumbukumbu zake mtandaoni, zinasomwa bila malipo. Mwandaaji azipitie kabla ya kuandika bango.

King Solomon's Mines ya mwaka 1950 ni mwanzo mzuri. Kampuni ya MGM iliwaleta Stewart Granger na Deborah Kerr na kupiga picha Machakos na Rumuruti hapa Kenya, Murchison Falls nchini Uganda, na hata Rwanda na Kongo. Iliteuliwa kuwa filamu bora ya mwaka, ikakosa, lakini ikapata Oscar 2: moja ya upigaji picha za rangi, iliyokwenda kwa Robert Surtees, na nyingine ya uhariri. Yaani kilichotuzwa ni jinsi nchi yetu ilivyoonekana kupitia kamera. Sasa itazame orodha ya waigizaji. Siriaque, yule Mtutsi mrefu aliyeigiza Umbopa, na Kimursi aliyeigiza Khiva, wametajwa kwa jina mojamoja, wakati wenzao Wazungu wana majina kamili. Waonyesheni watazamaji orodha hiyo, isimamisheni kwenye skrini, muulize wanaona nini. Tahadhari moja: mwanzoni kabisa tembo anapigwa risasi. Watoto wanaoishi chini ya Mlima Elgon, ambako tembo huingia mapangoni kama Kitum kulamba chumvi, wataumia kuona hivyo. Waambieni mapema.

The African Queen ya mwaka 1951 ndiyo itakayowachekesha watu wa rika zote. John Huston aliiongoza, akaipigia kwenye mto Ruiki huko Kongo, na Butiaba na Murchison Falls nchini Uganda. Humphrey Bogart alipata hapo Oscar yake ya pekee maishani. Katharine Hepburn aliteuliwa. Hadithi ni ya mwaka 1914: watu wawili wanateremka mto kwa mashua mbovu ili wakaizamishe meli ya Wajerumani ziwani. Meli iliyompa mwandishi wa riwaya wazo hilo ilikuwa ya kweli, Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa vita, Waingereza wakaiibua, na ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba, ikabeba abiria na mizigo kutoka Kigoma kwa miongo mingi. Mwalimu wa historia akisimama dakika 5 kuieleza habari hiyo, filamu inakuwa somo.

Mogambo ya John Ford, ya mwaka 1953, na Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika karibu na Arusha na kutoka mwaka 1962, ziliteuliwa lakini hazikushinda Oscar. Mogambo ilimpa Grace Kelly tuzo ya Golden Globe. Ni filamu za burudani, na wakati ukiwa mfinyu zinaweza kurukwa. Born Free ya mwaka 1966, habari ya simba Elsa na familia ya Adamson, inafaa watoto kuliko zote nilizotaja. Ilipata Oscar 2, zote za muziki wa John Barry, na huyohuyo Barry ndiye aliyerudi kutuzwa kwa muziki wa Out of Africa karibu miaka 20 baadaye.

Filamu ambayo haikupata Oscar yoyote nayo ina nafasi yake katika orodha hii. Something of Value ya mwaka 1957 ilipigwa Kenya wakati wa hali ya hatari, ikahusu vita vya Mau Mau, na Sidney Poitier akaigiza Mgikuyu aitwaye Kimani. Miaka michache baadaye, mwaka 1964, Poitier akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, kwa filamu Lilies of the Field. Ukiionyesha Bungoma, wazee watakuuliza kuhusu Elijah Masinde na Dini ya Msambwa aliyoiongoza, na kuhusu wafuasi wake waliopigwa risasi na polisi Malakisi mwezi Februari 1948. Wana haki ya kuuliza. Tuzo kubwa hufuata filamu zilizotengenezwa, na mambo ya Malakisi Hollywood haikuyatengenezea filamu.

Out of Africa ndiyo nguzo ya orodha nzima, na ndiyo ningeipa jioni yake peke yake, kwa kuwa ni ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu. Iliteuliwa mara 11 ikashinda Oscar 7: filamu bora, mwongozaji Sydney Pollack, mswada uliotokana na kitabu, upigaji picha, usanifu wa mandhari, muziki na sauti. Mwaka huohuo The Color Purple, filamu ya maisha ya wanawake weusi wa Marekani, iliteuliwa pia mara 11 na haikuondoka na hata moja. Meryl Streep aliigiza Karen Blixen, mwanamke wa Denmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931. Farah, msimamizi wake Msomali, aliigizwa na Malick Bowens kutoka Mali. Joseph Thiaka aliigiza Kamante na Stephen Kinyanjui akaigiza chifu Kinyanjui. Waigizaji walioteuliwa kwa Oscar ni Streep na Klaus Maria Brandauer. Nyumba ya Blixen huko Karen ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka uleule wa tuzo, na iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Shule inayopanga ziara ya Nairobi inaweza kuiweka kwenye ratiba.

Kwa watu wa Kitale filamu hii ina uzito ambao haiwezi kuwa nao kwingine. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi, wakiwemo wanajeshi waliogawiwa mashamba baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na reli ikafika Kitale mwaka 1926 kubeba mazao yao. Bado kuna wazee waliozaliwa kwenye makao ya wafanyakazi wa mashamba hayo. Karibu na mwisho kuna tukio ambapo Blixen anapiga magoti mbele ya gavana akiomba ardhi kwa Wagikuyu wanaoishi shambani mwake. Isimamisheni filamu hapo. Waulizeni wazee: nani aliyekuwa akiomba, nani aliyekuwa na haki ya kutoa, na watu wenyewe walikuwa wapi katika mazungumzo hayo? Mwenye kuongoza mjadala awe mtu mzima mwenye kuheshimika, kwa maana habari ya ardhi katika kaunti hizi bado ina kidonda. Ahakikishe watu wanasimulia yaliyowapata wao na wazazi wao, na asiruhusu jamii yoyote ilaumiwe kwa jumla.

Sasa sheria, ambayo wengi huipuuza hadi afisa anapogonga mlango. Kuonyesha filamu hadharani nchini Kenya kunaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na msimamizi wake ni Kenya Film Classification Board. Filamu inatakiwa iwe imeainishwa, na anayeionyesha awe na leseni. Alama za uainishaji ni GE kwa watazamaji wote, PG kwa watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, 16, na 18. Bodi hii ina ofisi nje ya Nairobi na hupokea maombi kwa mtandao, basi ulizeni ada na muda wa kusubiri kabla ya kutangaza tarehe.

Hakimiliki ni jambo jingine, na leseni ya bodi haiimalizi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, filamu hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma. Kwa hesabu hiyo filamu za miaka ya 1950, na hata Born Free, zimekwisha muda wake hapa kama filamu, wakati Out of Africa inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2035. Lakini muziki na mswada ulio ndani ya filamu una ulinzi wake, unaodumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Barry alifariki mwaka 2011, hivyo muziki wa Born Free bado una mwenyewe. Andikeni kwa Kenya Copyright Board mkiwatajia majina ya filamu, na msitoze kiingilio kabla ya kupata jibu. Akaunti ya nyumbani ya kutazama filamu mtandaoni ni ya nyumbani. Kuifungulia watu 100 ukumbini ni kuvunja masharti yake.

Kuhusu mahali na wakati, Kitale iko juu, takribani mita 1,900, na usiku wake una baridi. Mvua za kuanzia Aprili huharibu onyesho la nje, kwa hiyo uwanja wa wazi uachiwe miezi ya Desemba hadi Februari, mahindi yakiwa yameshavunwa. Miezi mingine tumieni ukumbi wa kanisa au bwalo la shule. Stima ikipotea katikati ya filamu watu hutawanyika, hivyo jenereta iwe na mafuta na iwekwe nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua. Mkiwa ukumbini, anzeni saa 11 jioni ili akina mama na watoto wafike nyumbani mapema. Kiingereza cha filamu za zamani ni kigumu kukifuata, na hapa Kenya tuna mapokeo yetu: DJ Afro amewazoesha watu kusikia filamu ikisimuliwa juu yake. Mtafuteni msimulizi mwenye Kiswahili kizuri, aitazame filamu kabla, na afundishwe kunyamaza pale picha inapojieleza.

Jioni ya mwisho ya mfululizo iwe ya kwetu. Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, kwa kuigiza mtumishi katika Gone with the Wind, na usiku huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni. Lupita Nyong'o, Mkenya, alipata Oscar katika kitengo kilekile cha mwigizaji msaidizi mwaka 2014, kwa 12 Years a Slave. Mwaka 2012 Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ikawa filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kugombea Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ambayo leo inaitwa ya filamu ya kimataifa. Mwaka 2024 ilipelekwa Nawi, iliyopigwa Turkana, ambako barabara ya kwenda hupitia Kitale, na inayohusu msichana anayekataa kuozwa ili aendelee na shule. Ionyesheni hiyo, kwa idhini ya wenyewe.

Vijana watakaotoka ukumbini wakitaka kutengeneza filamu yao wajue masharti machache. Kila nchi hupeleka filamu moja tu kwa mwaka. Iwe na zaidi ya dakika 40, iwe imeonyeshwa katika ukumbi wa biashara kwa siku 7 mfululizo, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yake yasiwe ya Kiingereza. Lionheart ya Nijeria iliondolewa mwaka 2019 kwa sababu hiyo ya mwisho. Kwa wanafunzi, mlango ulio karibu ni tamasha la taifa la maigizo na filamu la shule na vyuo. Kwa wakubwa, kuna tuzo za Kalasha, zinazoandaliwa na Kenya Film Commission tangu 2009. Kiswahili, Lubukusu, Kisabaoti na Kiturkana zote zinakubalika kwa Oscar hiyo ya kimataifa. Hadi leo hakuna filamu iliyopelekwa na Kenya iliyowahi kuingia katika orodha ya tano za mwisho, na mswada wa hiyo ya kwanza unaweza kuandikwa Kimilili au Endebess. Uandikeni.