Shinikizo la Juu la Damu na Maradhi ya Moyo

Wakazi wengi wa Kata ya Kasulo huamini kwamba maradhi ya moyo ni ya watu wa mjini. Imani hiyo ina ukweli kidogo tu. Anayelima tangu alfajiri huupa moyo wake mazoezi mema, lakini jembe haliondoi madhara ya sigara wala ya chumvi nyingi. Na pale Benaco, yanapopumzika malori yaelekeayo mpaka wa Rusumo, wapo wanaokaa kitini mchana kutwa: dereva, mwenye duka, fundi cherehani.

Kihatarishi kikubwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha. Damu inaposukuma kuta za mishipa kupita kiasi, mishipa hukakamaa, nao moyo hulazimika kufanya kazi zaidi hata misuli yake ikanenepa, kisha ikadhoofika. Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, hutokea kiharusi. Hayo yote huweza kuendelea kwa miaka bila maumivu yoyote. Anayengoja kichwa kimuume ndipo apime, huenda amekwisha kuchelewa.

Kipimo ni cha dakika chache. Mkono hufungwa mkanda, na namba mbili husomwa. Ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, katika vipimo vya siku tofauti, mhusika huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, mnywaji wa kupindukia, mwenye uzito mkubwa na aliyezaliwa na mzazi mwenye presha wasikawie kupima.

Kosa lililozoeleka hufuata baada ya hapo. Mgonjwa hupewa dawa, presha hushuka, naye hujiona amepona akaziacha. Kushuka huko ni kazi ya dawa. Zikiachwa bila ushauri wa mganga, presha hurudi.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo katika samaki wa chumvi. Kuiongeza mezani kabla hata ya kuonja ni mazoea tu, na huachika.

Maumivu ya kifua yanayokandamiza na kusambaa mkononi au tayani, pamoja na jasho jembamba, ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.