Kiatu cha kukimbilia hakikuundwa kwenda pembeni

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 41, naishi Upanga, Dar es Salaam. Tangu mwaka jana nacheza badmintoni na wenzangu wa kazini katika ukumbi wa shule, mara mbili kwa wiki. Navaa raba zangu za kukimbilia, zile zenye soli nene, nilizonunua kwa bei kubwa kwa ajili ya mazoezi ya asubuhi. Mwezi uliopita niliteguka kifundo cha mguu wa kulia nikiwa narudi nyuma kukifuata kinyoya. Kilivimba wiki nzima. Mwalimu wetu ananiambia ninunue viatu vya badmintoni, na dukani nimetajiwa karibu laki mbili. Mume wangu anasema hiyo ni biashara tu, raba ni raba. Nimsikilize nani?
Msomaji, Upanga

JIBU: Pole sana, dada yangu. Katika hilo kubwa, msikilize mwalimu: raba za kukimbilia zibaki za kukimbilia, na uwanjani uvae kiatu cha uwanjani. Lakini mume wako naye hajakosea kila kitu. Si lazima kiatu hicho kiwe kimeandikwa badmintoni, na si lazima kikugharimu laki mbili. Ngoja nieleze sababu, ili ukifika dukani ujue unachokitafuta.

Raba zako zina kosa gani?

Zikiwa barabarani hazina kosa lolote. Anayekimbia asubuhi pale Barabara ya Barack Obama huenda upande mmoja tu, mbele, na hatua yake hujirudia ileile maelfu ya mara. Ndiyo maana watengenezaji humwekea sponji nene na laini, wakainua kisigino juu kuliko vidole, mara nyingi kwa milimita 8 hadi 12, na juu ya mguu wakaweka kitambaa chepesi cha wavu ili upate hewa. Kwa kazi hiyo kiatu kimepatia.

Uwanja wa badmintoni una mambo mengine. Urefu wake ni mita 13.4 na upana mita 6.1, kwa hiyo upande wako una kina cha mita 6.7 tu. Ndani ya nafasi hiyo unakimbia hatua mbili tatu, unafunga breki, unageuka, unakwenda pembeni, unapiga hatua ndefu kuchota kinyoya karibu na wavu, unaruka na kutua kwa mguu mmoja. Ni nadra hatua mbili zinazofuatana kufanana.

Sasa tuutazame kwa karibu ule wakati ulioteguka. Mpinzani amekipeleka kinyoya juu ya kichwa chako, kwenye kona ya nyuma. Umegeuza mwili, umerudi nyuma, umeruka kidogo, umetua kwa mguu mmoja, na kilichotangulia kugusa sakafu ni ukingo wa nje wa kiatu. Soli imeshika, lakini mwili wako bado unakwenda nyuma na pembeni. Soli ikiwa nene na laini, ukingo ule wa nje hubonyea chini ya uzito, na mguu wako, ulio juu mbali na sakafu, hulala kama lori lililopakiwa kupita kiasi likikata kona. Unyayo hugeukia ndani. Kano za upande wa nje wa kifundo, ambazo ndizo hudaka uzito huo, huvutika kupita uwezo wake na nyuzi zake kuchanika. Haya yote huisha kabla misuli ya mguu haijawahi kuvuta upande wa pili. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukuwa makini, kwa kuwa umakini haufiki kwa wakati.

Kuna madhara mengine madogo yasiyo na kishindo. Kile kitambaa cha wavu hakiuzuii mguu kuteleza ndani ya kiatu, basi vidole hugonga ncha na kucha kuwa nyeusi. Na kila unapopiga hatua ndefu kwenda wavuni, sponji laini huyumba chini ya kisigino, goti likalazimika kufanya kazi ya kutuliza mguu mzima.

Kiatu cha uwanjani kina nini cha ziada?

Cha kwanza ni kimo. Soli yake ni fupi, mguu unakaa karibu na sakafu, na tofauti ya kisigino na vidole ni ndogo. Sponji ipo, hasa chini ya kisigino kwa ajili ya zile hatua ndefu, ila ni ngumu zaidi na haibonyei ovyo.

Cha pili ni mpira wa chini. Mara nyingi utauona una rangi ya asali, ni laini, na unashika vizuri kwenye mbao na mazulia ya uwanjani bila kuacha alama nyeusi. Mpira wa kiatu cha kukimbilia hufanywa mgumu ili ustahimili lami, na kwenye sakafu laini yenye vumbi huweza kuteleza.

Cha tatu ni ubavu. Pande zake ni imara, eneo la mbele la soli ni pana, na ukingo wa nje umezungushwa kidogo ili usikwame unapotua vibaya. Cha nne ni uimara wa ncha na upande wa dole gumba, kwa sababu mchezaji huburuta mguu wa nyuma kila anapochota kinyoya wavuni. Kitambaa cha wavu hutoboka mahali hapo mapema sana.

Usidhani kwamba kiatu kinavyozidi kushika ndivyo kinavyozidi kuwa salama. Watafiti wa Denmark waliwachukua wachezaji 510 wa michezo ya ndani, badmintoni ikiwamo, ambao wote waliwahi kuteguka. Nusu yao walibandikiwa vipande vinavyoteleza kwenye ukingo wa nje wa viatu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, hao wa vipande walipata majeraha makubwa ya kifundo machache kuliko wenzao. Maana yake ni kwamba kiatu kizuri hushika chini ya unyayo, lakini ubavuni kinatakiwa kikuachie uteleze kidogo badala ya kukung'ang'ania.

Je, ni lazima iwe laki mbili?

Hapana. Viatu vya voliboli, mpira wa mikono au skwoshi vimejengwa kwa kanuni hizohizo na vitakufaa. Vya tenisi navyo vinafaa, ingawa huwa vizito kidogo, na vinavumilia zaidi kama ukumbi wenu ni wa saruji, kwa sababu saruji hula haraka ule mpira laini. Anayecheza mara moja moja na watoto uani hahitaji kununua kitu kipya. Raba yoyote ya soli fupi, bapa na inayombana vizuri inamtosha.

Wewe hauko kwenye kundi hilo. Unacheza kila wiki, umevuka miaka 40, na tayari umeteguka mara moja. Kifundo kilichoteguka huwa rahisi kuteguka tena, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukushauri ununue kiatu cha uwanjani.

Dukani, au hata kwa wauza mitumba wa soko la Karume, fanya hivi. Kamata kiatu kisigino na ncha, ukikunje: kinatakiwa kukunjika kwenye mzizi wa vidole, si katikati. Kisha kisokote kama unakamua nguo: kisikubali kirahisi. Bonyeza ukingo wa nje wa soli kwa dole gumba: usizame kama godoro. Kwa kiatu cha mtumba, gandamiza ukucha kwenye mpira wa chini. Ukiwa mgumu kama plastiki, kiache hata kama kinang'aa, maana mpira ukizeeka hupoteza mshiko. Angalia pia gundi pale soli inapokutana na kiatu, na ukiona kisigino kimelika upande mmoja, kirudishe.

Kijaribu jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa shughuli za mchana, na uvae soksi zako za mchezo. Vidole vipate nafasi kidogo mbele, kisigino kisipande unapotembea. Halafu chupa pembeni, kulia na kushoto, hapohapo dukani. Mguu ukihama ndani ya kiatu, hicho si chako. Ukishanunua, usitoke nacho mtaani. Kibebe kwenye mfuko, ukivae ukumbini, na kabla ya kuanza ufute soli kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi hugeuza kiatu cha bei mbaya kuwa sawa na ndala.

Kiatu hakimalizi kazi peke yake

Mhispania Carolina Marín, bingwa wa badmintoni wa Olimpiki ya Rio 2016, alikuwa kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Alikuwa ameshinda seti ya kwanza 21-14, na ya pili anaongoza 10-6, goti lake la kulia lilipoumia katika kutua. Alijaribu kuendelea, akashindwa, akatoka uwanjani kwa machozi. Hapo nyuma, mwaka 2019 na 2021, alikwishaumia vibaya magoti yote mawili. Mtu wa kiwango chake hakosi kiatu bora. Badmintoni inadai mengi kwenye miguu, na kiatu hupunguza hatari bila kuiondoa.

Kwa watu wa rika lako naihofia zaidi kano ya kisigino, ile kamba nene inayotoka kwenye shavu la mguu. Utafiti uliofanywa Sweden miaka ya 1990 kwa wachezaji wa badmintoni waliokatika kano hiyo ulionyesha kuwa wengi walikuwa watu wa kujifurahisha tu, wa miaka thelathini na kitu, na ilikatika katikati au mwishoni mwa mchezo, wakati misuli imechoka. Kwa hiyo mkichoka, malizeni. Ile seti moja ya mwisho ya kuagana ndiyo hupeleka watu hospitali.

Pasha misuli moto dakika kumi kabla ya kushika raketi: tembea haraka, kimbia taratibu, nenda pembeni, piga hatua ndefu chache. Nyumbani, mara tatu kwa wiki, simama kwenye ngazi kwa ncha za miguu, panda na kushuka polepole mara 15, upumzike, urudie hadi mara tatu. Na kila siku ukipiga mswaki simama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Zoezi hilo la mizani linaonekana jepesi, lakini ni miongoni mwa yale yenye ushahidi mzuri zaidi wa kuzuia kifundo kisiteguke tena.

Kifundo chako urudi nacho lini?

Kabla ya kurudi uwanjani, kipime. Simama kwa mguu ulioumia sekunde 30 bila kushika ukuta. Panda kwa ncha ya mguu huo mara kumi. Ruka kwa mguu huohuo mara kumi, mbele na pembeni. Ukimaliza vyote bila maumivu na bila kuogopa kuuegemea, anza na mchezo wa nusu saa. Ukishindwa kimoja, endelea na mazoezi, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa miezi michache ya mwanzo vaa kishikizo cha kifundo cha kufunga kwa kamba, maana kinasaidia sana mtu aliyekwisha kuteguka.

Na ikitokea tena, kumbuka kanuni waliyoitunga madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukipata maumivu makali unapobonyeza mfupa wenyewe wa kifundo kwa nyuma, au mfupa wa katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, nenda ukapigwe picha ya eksirei, kwani huenda mfupa umevunjika. Ukisikia kama mtu amekupiga teke nyuma ya kisigino ilhali hakuna mtu, na baada ya hapo huwezi kusimama kwa ncha ya mguu, basi fika hospitali siku hiyohiyo. Kano iliyokatika ikiwahiwa hutibika vizuri, ila ikichuliwa nyumbani kwa wiki kadhaa, kuiunga huwa kazi ngumu.