Dada, Nimekwama Ukurasa wa Pili

Barua ya leo imetoka Kebirigo, Nyamira. Aliyeiandika amemaliza kidato cha nne, anasubiri kuitwa chuo, na kwa sasa anawasaidia wazazi kuchuma chai. Binamu yake alimletea kitabu cha mtumba kutoka Nairobi, Neuromancer cha William Gibson, akamwambia kwamba asiyekisoma hajui hadithi za kisayansi. Msichana wa watu akakifungua kwa hamu. Ukurasa wa pili, akakwama. Anauliza: "Dada, Kiingereza changu ndicho kibovu, au kitabu hiki hakikuandikiwa watu wa huku kwetu?"

Mdogo wangu, toa hofu. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1984, kikanyakua tuzo tatu kubwa za hadithi za kisayansi: Hugo, Nebula na Philip K. Dick. Hata hivyo, waliozaliwa na Kiingereza mdomoni bado hukwama pale pale ulipokwama wewe. Gibson anakutupia majina ya mitambo, dawa za kulevya na makampuni aliyoyabuni mwenyewe, halafu anaendelea na safari bila kukueleza lolote. Kwa wahusika wake hayo ni mambo ya kila siku, na nani hueleza mambo ya kila siku? Ukiandika hadithi ya Kebirigo leo, hutasimama kufafanua wakala wa M-Pesa ni nani.

Kwa hiyo usisome na kamusi mkononi. Mgeni akishuka stendi ya Kisii siku ya soko haulizi jina la kila kitu. Anashika mkoba wake vizuri, anatazama nani anauza, nani ananunua na nani anawakimbia kanjo. Wewe pia, kwa sura tatu za kwanza, mfuate mtu mmoja tu: Case. Neno likikushinda, lipigie mstari kwa penseli upite. Mengi yatajieleza yenyewe ukiyakuta mara ya tatu au ya nne.

Nikupe ufunguo mdogo. Case alikuwa fundi wa kupenya mifumo ya kompyuta. Aliwaibia waliomwajiri, nao wakamharibia mishipa ya fahamu kwa sumu ili asiweze tena kuunganishwa na mtandao. Tunamkuta Chiba, Japani, akihangaika mitaani. Anatokea tajiri anayemtibu ili amfanyie kazi, lakini tajiri huyo anamtilia mwilini vifuko vya sumu ile ile vinavyoyeyuka polepole. Case akichelewa kumaliza kazi, anarudi alikotoka. Kwa nchi ambayo mtu hukopa kwa simu saa nane za usiku, deni la namna hiyo halihitaji tafsiri.

Hapo ndipo ninapotaka ufike. Utamu wa hadithi hizi, wanazoziita saibapanki, hauko kwenye vyuma vinavyong'aa. Uko kwenye swali moja: mashine hii inajua nini kunihusu, na inamfanyia nani kazi? Swali hilo mtu wa Kebirigo analiishi. Unabeba majani mabichi hadi kituoni, karani anatundika gunia kwenye mizani ya elektroniki, nambari inawaka, risiti inatoka. Jasho ni lako, hesabu iko ndani ya mashine usiyoifungua, na bonasi unaingoja. Jirani zetu wa Kericho wamelifikisha swali hilo mbali zaidi: Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai kwa sababu zilikuwa zikiwanyang'anya watu vibarua.

Au nenda saiba yoyote ya sokoni. Mzee anaingia na kitambulisho mkononi, anataka PIN ya KRA. Kijana anamfungulia akaunti, anamtungia nywila, kisha anaiandika kwenye daftari la shule ili mzee akirudi asisumbuke. Daftari hilo likipotea, nusu ya soko imepotea nalo. Kijana yule ana ujuzi, ana funguo za watu, na mshahara wake ni mdogo. Mtazame vizuri, umemwona Case kabla hajaharibika.

Tena, hadithi hizi hupenda kuonyesha watu wa chini wakikigeuza chombo kuwa kitu ambacho mwenye nacho hakukitarajia. Sisi tulifanya hivyo. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kutumiana pesa ndiyo ilikuwa kazi yake kuu. Upande wa giza nao tumeuona: mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC jijini Nairobi wapigwe picha za mboni na tufe la chuma la Worldcoin, wakipata sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Gibson angeandika tukio hilo, tungesema ametia chumvi.

Sasa nikuonye. Kitabu kimezeeka. Gibson alikiandika kwa taipureta, na simu za mkononi hakuziona zikija: kuna mahali, hotelini Istanbul, Case anapita kwenye safu ya simu za umma na kila anayoipita inalia, kwa sababu akili unde inamtafuta. Inasisimua, lakini leo ingempigia mfukoni. Japani yake nayo ni ya mtu anayeitazama kwa mbali. Molly, mwanamke mwenye makucha ya chuma, ni moto wa kuotea mbali, ila mara nyingi tunamwona kwa macho ya Case. Na kuna dawa za kulevya na mambo ya chumbani, kwa hiyo usimwachie mdogo wako wa darasa la sita.

Kikikulemea, kiweke kando uanze na hadithi fupi za Gibson katika Burning Chrome, mkusanyiko wa mwaka 1986. Humo kuna "Johnny Mnemonic", kuhusu mtu anayebeba kichwani siri za wengine asizoweza kuzisoma mwenyewe. Baadaye tafuta Synners ya Pat Cadigan, ya mwaka 1991, umsikie mwanamke akisimulia dunia hiyo. Ukichoka kusoma, tazama Neptune Frost ya mwaka 2021, filamu iliyopigwa Rwanda, kuhusu mchimba koltani na wadukuzi waliojificha Burundi. Na kwa Kiswahili chetu, Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, itakuonyesha kwamba chombo cha angani kinaweza kubeba siasa za nyumbani.

Neuromancer ina sura 24. Jipe tano. Ukifika hapo na bado haijakushika, mrudishie binamu kitabu chake bila aibu, lakini usimwambie kwamba Kiingereza ndicho kilichokushinda. Akianza kujigamba, muulize vifuko vya sumu viliwekwa mwilini mwa nani na kwa nini. Asipojua, kaa na kitabu. Naye alikwama.