Ajenti wa AI akikutafutia wateja Diani: kupata jina si kupata ruhusa

Masika yakija na wageni wakipungua, mtu anayeuzia hoteli za Diani huanza kuwaza: wateja wapya nitawatoa wapi? Sasa kuna vifaa vya AI vinavyosema vitakufanyia kazi hiyo. Unakiambia kifaa unamtafuta nani, nacho kinakuletea majina. Katika somo hili tunaeleza kinavyofanya kazi, kinakosea wapi, na kwa nini habari za wateja wanaolipa kwenye tili yako zisiingizwe humo.

Kifaa hiki hufanya nini?

Tukisema ajenti hapa, si yule wa kuweka na kutoa pesa pale Ukunda. Ajenti wa AI ni programu unayoipa kazi, nayo inaigawa hatua kwa hatua na kuifanya yenyewe. Ukitafuta kwenye Google unapata kurasa za kusoma. Ajenti akitumia kifaa cha kutafuta watu, anapata mtu: jina, cheo, kampuni, mahali anapofanyia kazi, na mara nyingine imeili. Habari hizo huokotwa kwenye tovuti za kampuni, mitandao ya kikazi kama LinkedIn, na kurasa nyingine zilizo wazi.

Tuseme unatengeneza sabuni ya mwani kule Kibuyuni. Unaandika: "Nitafutie watu wanaohusika na ununuzi katika hoteli za Diani na Galu." Baada ya dakika chache una orodha, na ajenti ameshakuandikia ujumbe wa kutuma. Kazi ya siku nzima imepungua. Lakini usitume bado.

Mahali kinapokosea

Kwanza, habari huwa za zamani. Hoteli za pwani huongeza watu msimu wa wageni na kuwapunguza masika. Anayeitwa meneja wa ununuzi mtandaoni huenda alishahamia Malindi au Zanzibar.

Pili, kinabahatisha. Vifaa vingine vikikosa imeili ya mtu huikisia kwa kufuata mtindo wa imeili za wenzake. Ujumbe wako unaweza kupotea au kumfikia asiyehusika.

Tatu, hakioni kila mtu. Mwenye duka Msambweni, mama wa mkahawa Gazi na nahodha wa mashua Shimoni huenda hawana tovuti wala LinkedIn. Wao wako kwenye simu na barazani. Kukosekana kwao kwenye orodha hakumaanishi kwamba hawanunui.

Sheria inasemaje?

Wengi hudhani kitu kikiwa wazi mtandaoni ni cha kila mtu. Sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ukitaka kutumia habari za mtu kwa biashara, uwe umepata ridhaa yake ya wazi, au uwe umeruhusiwa na sheria na yeye amejulishwa. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba anayetumiwa matangazo lazima apewe njia rahisi ya kukataa, na akikataa, uache.

Si maneno ya karatasi tu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu Sh2,975,000. Ilikuwa imetumia majina na namba ilizopata kupitia watu wengine, na wenye namba wakapokea ujumbe na simu za vitisho. Faini inaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo.

Biashara ndogo, yenye mauzo chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, kwa kawaida hailazimiki kujiandikisha kwa Kamishna, isipokuwa zile za kazi maalum kama malazi na afya. Lakini kusamehewa kujiandikisha si kusamehewa sheria.

Tili yako si orodha ya matangazo

Hapa ndipo tunaomba uwe makini zaidi. Mteja akilipa, habari zake zikatokea kwenye ujumbe wa malipo, amekupa ili ujue pesa imeingia. Hajakwambia umtumie ofa ya Pasaka. Ukichukua taarifa ya tili na kuipakia kwenye kifaa cha AI "kikutafutie wengine kama hawa", umewatoa wateja wako kwa kampuni wasiyoijua, na huwezi kuwarudisha. Na PIN yako usimpe mtu wala programu yoyote, hata ikidai inataka kuunganisha malipo.

Fanya hivi

1. Mwambie ajenti akutafutie biashara kwanza, si mtu. Imeili ya ofisi ya ununuzi au simu ya mapokezi inatosha kuanza.

2. Piga simu uhakikishe kabla ya kutuma chochote. Uliza nani anahusika sasa, na siku gani wanapokea wauzaji.

3. Andika kifupi, useme wewe ni nani. Kwa mfano: "Habari za kazi. Tunatengeneza sabuni ya mwani Kibuyuni. Tungependa kujua kama tunaweza kuwaletea sampuli. Kama hamhitaji, tujulisheni, hatutawasumbua tena."

4. Wateja wa dukani waulize ana kwa ana: "Dada, mzigo mpya ukifika nikutumie meseji?" Akikubali, andika jina na tarehe kwenye daftari. Kila meseji iwe na njia ya kusema ACHA.

5. Anayekataa, mfute siku hiyo hiyo, kwenye daftari na kwenye kifaa.

Jaribu na hoteli tano kabla ya hamsini. Ajenti anaweza kukuonyesha mlango wa biashara, lakini hodi upige mwenyewe, na usubiri ukaribishwe. Mnunuzi aliyekukaribisha mwenyewe ndiye atakayekuagiza tena wageni wakirudi.