Sarandibu Wakati wa Kusi

Swali: Mimi na mke wangu twakusudia kukaa Sri Lanka miezi miwili, tuone fukwe, mahekalu na wanyama. Twende lini?

Jibu: Ndugu msomaji, nendeni Julai na Agosti, kwani katika kisiwa hicho, ambacho mabaharia wa Kiarabu walikiita Sarandibu, kusi huinyeshea pwani ya magharibi ilhali bahari ya mashariki, huko Trincomalee, imetulia, na maji ya bwawa la Minneriya yapunguapo, tembo hukusanyika kwa mamia malishoni, nayo maandamano ya Esala mjini Kandy, kwa taadhima ya jino linalonasibishwa na Buddha, aghalabu huangukia majira hayo. Hekaluni vueni viatu, funikeni mabega na magoti, wala msiipe sanamu kisogo kwa ajili ya picha. Ufukwe wa Mirissa uacheni, wafaa wakati wa kaskazi.