Kasiba Mpya, Jina Jipya: Bunduki za Martini

Jina Martini-Henry, la bunduki iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, ni kumbukumbu ya ufundi. Martini ndiye mwenye mtambo. Henry, mhunzi wa Edinburgh, ndiye mwenye mifereji ya ndani ya kasiba. Kwa hiyo baadhi ya bunduki hizo zilipofunguliwa kasiba na kutiwa nyingine ya inchi 0.303, mtambo ulisalia, na nusu ya pili tu ya jina ikabadilika: Martini-Metford, kisha, kuanzia 1895, Martini-Enfield. (Enfield si mtu, bali mahali palipokuwa na kiwanda.) Mfasiri aandikaye “bunduki ya Martini” tu humnyima msomaji habari ya kasiba, asiweze kujua ilitumia risasi ipi.